Jinsi Tulivyowatafuta Walimu Wetu wa Shule ya Msingi na Kuwashukuru

Nilianza darasa la kwanza mwaka 1978 katika shule ya msingi ya kijiji kimoja cha Wilaya ya Masasi, nikamaliza darasa la saba mwaka 1984, na sikuchaguliwa kuendelea na sekondari. Naanza na taarifa hizi kwa sababu shukrani kwa walimu, kama ninavyozisoma mara nyingi, hutolewa na watu waliofika mbali: daktari humkumbuka aliyemfundisha sayansi, waziri humkumbuka mwalimu mkuu wake. Mimi ni msahihishaji wa maandishi katika kiwanda cha uchapaji jijini Dar es Salaam. Niliingia pale kama mbeba karatasi, nikafundishwa kupanga herufi, na hatimaye nikapewa kazi ya kusoma nakala za mwisho kabla hazijaingia mtamboni. Elimu ya darasani niliyo nayo ni ya miaka ile saba tu, na yote niliipata kwa walimu wachache wa kijijini ambao, hadi mwaka 2018, sikuwa na habari kama wako hai. Ninaeleza hapa jinsi mimi na wenzangu tulivyowatafuta, tukawapata wengi wao, na tukawashukuru kwa namna ambayo wao wenyewe waliiridhia.

Jambo hili halieleweki vizuri pasipo kukumbuka hali ya shule za wakati ule. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilipokutana Musoma, iliamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, ambayo ilipangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Madarasa yaliweza kujengwa na wananchi kwa kujitolea, na kijiji chetu, ambacho chenyewe kilikuwa kipya kwa kuwa kilianzishwa wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa katika vijiji vya pamoja, kilijenga mawili ya matofali ya udongo na paa la nyasi. Walimu wa kuingia katika madarasa hayo hawakuwapo. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapeleka shuleni wafundishe sehemu ya siku na sehemu nyingine wajifunze ualimu kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, chini ya usimamizi wa mratibu elimu wa kata, kwa muda wa miaka mitatu. Makumi ya maelfu ya walimu walipatikana kwa njia hiyo. Watu waliwaita walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha Elimu ya Msingi kwa Wote, na ndani ya jina hilo mlikuwa na kebehi ambayo haijaisha hadi leo. Mimi niliyefundishwa nao nadhani ninayo haki ya kusema neno tofauti.

Mwalimu wangu wa darasa la kwanza alikuwa mmoja wao. Alikuwa msichana ambaye, kwa hesabu niliyokuja kuipiga baadaye, hakuwa ametimiza miaka ishirini, naye alikabidhiwa watoto zaidi ya mia moja, baadhi yetu tukiwa na miaka minane au tisa na wengine kumi na miwili, kwa kuwa agizo la kuandikisha watoto wote liliwakuta wengi wakiwa wamekwisha kupita umri wa kuanza shule. Madawati hayakuwapo, tulikaa juu ya magogo. Alitugawa mafungu mawili. Fungu moja alilitoa nje, chini ya mkorosho, likaandika herufi mchangani kwa kidole, naye akipita nyuma yetu na kuushika mkono wa yule ambaye herufi yake ilikuwa inakataa kukaa. Fungu la pili lilibaki ndani likijumlisha na kutoa kwa korosho na vizibo vya soda, likisimamiwa na mtoto mkubwa kuliko wote, kisha mafungu yakabadilishana. Daftari hukupewa mpaka yeye aridhike kwamba mkono wako umezoea, maana madaftari yalikuwa adimu na hakuna aliyejua mengine yangefika lini. Ubao aliupaka mwenyewe kwa unga mweusi wa betri za redio zilizokwisha, uliopondwa pamoja na majani ya viazi vitamu, na chaki ilipokosekana aliandika kwa kipande cha muhogo mkavu.

Lililoniingia zaidi, hata hivyo, nililiona mchana. Kituo cha kata ambako walimu wale walijifunza kilikuwa jirani na shule yetu, na sisi watoto tulitumwa kupeleka maji ya kunywa. Nilimkuta mwalimu wangu amekaa kwenye benchi na daftari mapajani, amenyoosha kidole kama sisi tulivyofanya, na mratibu akamwambia mbele ya wenzake kwamba jibu lake si sahihi. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuanza hesabu, alituambia: "Jana na mimi nilikosa. Nimeirudia usiku, leo nimeipata." Kisha akaendelea na somo. Watoto tuliozoea kuona mkubwa hakosei, na kama akikosa basi halisemwi, tulipata kitu ambacho hakikuwa katika mtaala wowote. Nimefanya kazi ya kusahihisha makosa ya watu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, wakiwamo watu wenye shahada na vyeo, na sijawahi kuona aibu kuuliza nisilolijua wala kumfichia mtu kosa lake. Mwendo huo niliupata kwa msichana yule.

Wa pili ni mwalimu wetu wa Kiswahili wa madarasa ya juu, mtu mrefu, mkimya, ambaye alikuwa amesoma katika shule ya Chidya enzi za misheni na kuanza ualimu kabla ya shule kutaifishwa. Somo lake la uandishi wa barua ndilo lililonipa kazi ninayoifanya. Siku hizo wazee wengi wa kijiji walikuwa na ndugu walioondoka zamani kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, au watoto waliokimbilia Dar es Salaam, na ingawa kisomo cha watu wazima kilikuwa kimeenea, wengi hawakuuamini mkono wao wenyewe kwa jambo zito. Mwalimu alifanya mpango nao. Alasiri za siku fulani walikuja shuleni, na mwanafunzi wa darasa la sita au la saba alikaa na mzee mmoja, akamsikiliza, akamwandikia barua, akamsomea, ndipo ikafungwa. Masharti yalikuwa mawili. Ulitakiwa kuandika alichokisema mzee, si ulichodhani alikusudia kusema. Na kama hukumwelewa, umuulize tena hata mara ya tatu, bila kukunja uso. Niliwahi kuandika "anakuombea heri" mahali ambapo bibi mmoja alikuwa amesema "mwambie bado sijaacha kumkasirikia". Mwalimu aliikuta, akanirudisha kwa bibi nikaiandike upya mbele yake, naye bibi akasema safari hii imekuwa barua yake. Kila ninapoletewa mswada na kutamani kumpamba mwandishi kwa maneno yangu, huikumbuka alasiri ile.

Mwalimu wa hesabu alikuwa wa aina nyingine kabisa, mwenye sauti kubwa na mizaha, na alifundishia shambani. Shule ilikuwa na mikorosho yake kwa ajili ya elimu ya kujitegemea, na miaka ile ilikuwa mibaya kwa zao hilo: Tanzania, iliyokuwa imevuna tani zipatazo 145,000 katika msimu wa 1973/74, ilishuka hadi chini ya tani 20,000 kufikia msimu wa 1986/87, kwa sababu ya watu kuhamishwa mbali na mashamba yao, bei mbaya, na ugonjwa wa ubwiriunga. Mwalimu aliitumia hali hiyo. Tulihesabu miti, tukapima mavuno, tukagawanya, tukalinganisha na mwaka uliopita, kisha tukaongozana naye hadi ghalani kuona karani anavyopima na kuikagua hesabu ya stakabadhi kwa kalamu yetu wenyewe, jambo ambalo, nadhani, halikuwafurahisha sana makarani. Walimu wengine walikuwapo, na wapo niliowapenda, lakini hawa watatu ndio waliokuwa kichwani mwangu nilipoanza kazi hii.

Iliyonisukuma kuianza ilikuwa kazi yangu yenyewe. Kiwandani hupitia matangazo mengi ya vifo na kumbukumbu za marehemu, na kila mara kunakuwa na la mwalimu, lenye picha na maneno ya wanafunzi wake wa zamani: ulikuwa taa yetu, hatutakusahau, pumzika kwa amani. Husahihisha nukta na herufi kubwa, nikapitisha. Siku moja niliona nimesahihisha matangazo ya namna hiyo kwa miaka mingi kiasi kwamba ningeweza kuandika moja nikiwa nimefumba macho, na lisingemhusu mwalimu yeyote kuliko mwingine. Nikampigia simu mwenzangu niliyesoma naye, ambaye ni karani wa chama cha msingi cha ushirika kulekule nyumbani, nikamuuliza kama anajua alipo mwalimu wetu wa darasa la kwanza. Hakujua, lakini aliniambia kwamba mwalimu wa hesabu yuko hai, na kwamba yeye binafsi anadaiwa shukrani na mzee yule kila msimu, kwa sababu kugawanya na kutafuta uwiano ndiko kulikomwepusha na kangomba, biashara ya walanguzi, ujanani, alipotakiwa kuuza korosho zikiwa bado mtini kwa bei ya bakuli, na ndiko kunakomwezesha kuwaeleza wakulima hesabu za makato tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hukabidhi mazao ghalani na kupewa stakabadhi kabla hayajauzwa mnadani, ulipoanza kwenye korosho mwaka 2007.

Tukaanzisha kundi la WhatsApp la waliomaliza miaka ya karibu na yetu. Lilijaa haraka, na haraka vilevile likaingia ugomvi. Wenzetu wawili watatu walisema wazi kwamba hawawezi kuchangia kitu kinachoitwa shukrani kwa walimu wa shule ile, kwa kuwa walichokumbuka ni fimbo. Mmoja aliacha shule akiwa darasa la nne kwa sababu ya mwalimu mmoja ambaye simtaji, na alieleza mambo ambayo wengi wetu tuliyaona kwa macho yetu na hatukuwahi kuyasema. Wapo waliomjibu kwa maneno yaliyozoeleka, kwamba bila fimbo tusingekuwa watu. Mimi sikukubaliana nao, na bado sikubaliani; mwalimu wa darasa la kwanza hakuwa na fimbo, na ndiye aliyetufundisha kusoma. Tulichoamua ni kwamba hatutaunda mfuko wa "walimu wa shule yetu". Kila mwalimu atakuwa na orodha yake, na kila mtu atajiandika kwenye orodha ya yule anayemdai shukrani moyoni mwake, bila kuulizwa kwa nini amemwacha mwingine. Yule ndugu aliyekuwa amekataa alijiandika kwenye orodha moja tu, ya mwalimu wa darasa la kwanza, na mchango wake ndio uliotangulia kufika. Kuna mwalimu mmoja ambaye hakuandikiwa na mtu yeyote, na hatukumwandikia.

Kutafuta kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani, na ugumu ulianzia kwenye majina. Mtoto humjua mwalimu wake kwa jina moja, na mara nyingi ni la utani. Walimu wa kike walikuwa wameolewa na kubadilisha majina. Wilaya nayo ilikuwa imegawanyika, Nanyumbu ikamegwa kutoka Masasi, na kumbukumbu za watumishi hazikukaa tena mahali pamoja. Aliyetufungulia njia ni mwalimu mkuu wa sasa wa shule yetu. Tulimwandikia barua rasmi ya kuomba ruhusa, kwa anwani mbili na kichwa cha habari, kama tulivyofundishwa, naye akaturuhusu kusoma ofisini kwake kile kitabu cha matukio ambamo walimu wakuu huandika mambo ya shule siku kwa siku. Mchwa walikuwa wamekula pembe za kurasa nyingi, lakini katikati palisomeka. Kila mwalimu aliyeripoti aliandikwa kwa majina yake yote, tarehe, na mahali alikotoka; kila aliyehamishwa aliandikwa anakokwenda. Namshauri mtu yeyote mwenye nia kama yetu aanzie kwenye kitabu hicho, na asikawie, kwa sababu shule nyingi hukiona kuwa karatasi kuukuu tu, na siku ofisi inapopakwa rangi hutupwa pamoja na takataka.

Tulipopata majina kamili, kazi ikawa nyepesi, maana walimu hujuana. Mwalimu mstaafu humjua mwenzake waliyefundisha naye, waliyekuwa naye katika Chama cha Walimu, waliyezikana naye ndugu, au waliyekutana naye kwenye foleni ya uhakiki wa pensheni. Mwalimu wa hesabu, tuliyemkuta nyumbani kwake akiwa mzee sana lakini mwenye sauti ileile, alitusomea kwa kichwa mahali walipo wenzake wanne. Kwa kila tuliyempata, tulianza kwa kuzungumza na mtoto wake au jirani, tukaeleza sisi ni nani na tunataka nini, ndipo tukaomba kuzungumza na mwalimu mwenyewe. Mtu wa umri ule akipigiwa simu ghafla na mgeni anayedai kwamba ana zawadi yake hudhani ni matapeli, na hudhani hivyo kwa haki.

Wakati hayo yakiendelea, mimi nilishughulikia barua, na hapa ndipo nilipokuwa mkali kuliko wenzangu walivyotarajia. Wengi walinitumia maneno yaleyale ya kwenye matangazo: asante kwa malezi bora, Mungu akubariki. Niliyarudisha yote. Nikaomba kila mmoja aeleze jambo moja alilotendewa, lilitokea wapi, na leo analitumiaje. Baadhi walinuna, wakasema mimi ni nani wa kuwasahihishia shukrani zao. Lakini walipokaa wakafikiri, yalikuja mambo ambayo sikuyajua. Mama mmoja anayeuza vitumbua Mtwara mjini alieleza kwamba mwalimu wa darasa la kwanza alimkalisha karibu na mlango kwa mwaka mzima bila kusema sababu, na kwamba alikuja kutambua akiwa mtu mzima kuwa mwalimu aligundua macho yake hayaoni vizuri gizani. Dereva wa lori aliandika kuhusu somo la ramani na jinsi mwalimu wa jiografia alivyowachorea barabara ya Kusini ambayo masika ilikuwa haipitiki, akawaambia kwamba siku moja watapita hapo kwa gari. Aliandika barua yake akiwa ameegesha karibu na Daraja la Mkapa kule Rufiji. Wenzetu ambao mkono umeacha kuandika walinitumia sauti kwa simu, nami nikaziandika neno kwa neno, hata palipokuwa na kigugumizi, kwa masharti yaleyale mawili ya mwalimu wa Kiswahili.

Michango ilipita kwa simu hadi kwa yule karani wa ushirika, ambaye alitoa hesabu kila wiki bila kuombwa. Sikutaka tufanye sherehe yenye viti vya kukodi na mshereheshaji, na wengi walikubali, ingawa kulikuwa na waliotamani picha. Tulikwenda nyumbani kwa kila mwalimu tukiwa watu wachache, tukiwa tumemuuliza mapema, kupitia watoto wake, anachokihitaji. Majibu yalikuwa ya kawaida kabisa na tofauti na tulivyodhani: miwani ya kusomea, mabati machache ya jiko, godoro, redio inayopokea mawimbi vizuri. Mwalimu wa hesabu aliomba mizani. Alisema amechoka kubishana na vijana wanaokuja kununua korosho zake.

Mwalimu wa darasa la kwanza tulimpata Nachingwea. Alikuwa amejiendeleza kutoka daraja la chini walilopewa walimu wa UPE hadi Daraja la IIIA, amefundisha katika shule nyingi, na alikuwa amestaafu karibuni kwa umri wa miaka sitini. "Shikamoo mwalimu," tulisema kwa pamoja, watu wenye mvi, na kiitikio chake kilikuwa cha darasani: "Marahaba wanangu, kaeni." Tulimsomea barua zote. Alisikiliza hadi mwisho bila kukatisha, kisha akaanza kuuliza habari za watu ambao barua zao hazikuwamo. Aliwakumbuka kwa majina matatu matatu: yule aliyekuwa akija na mdogo wake mgongoni, yule aliyetoroka kwenda kuchunga, yule aliyekuwa amefiwa na mama. Kuhusu sisi tuliokaa mbele yake hakuuliza sana. Nilipomkumbusha habari ya jibu lililokosewa kituoni, alicheka, akasema hakumbuki kabisa siku hiyo, kwa kuwa alikosa siku nyingi, na kwamba alituambia kwa sababu hakuwa na la kusema wakati akitafuta karatasi yake. Nilifurahi kulisikia hilo kuliko kama angesema kwamba alilipanga.

Alichokihitaji hakikuwa cha kununua. Maombi yake ya mafao yalikuwa yamekwama katika ofisi moja kwa sababu faili lake halikuonyesha tarehe aliyoanza kazi; barua yake ya kwanza ya ajira ilikuwa imepotea wakati wa kuhama, na miaka yake ya mwanzo, ile ya ualimu wa mafunzoni, ilikuwa kana kwamba haikuwapo. Sisi tulikuwa tumeiona tarehe hiyo. Ilikuwa katika kitabu cha matukio, kwa mwandiko wa mwalimu mkuu wa wakati ule, siku, mwezi na mwaka, pamoja na jina lake la usichana na shule aliyomalizia darasa la saba. Tukarudi shuleni, mwalimu mkuu akatoa nakala ya ukurasa ule, akaithibitisha kwa sahihi na mhuri, na mwenzetu mmoja aliyekuwa karani wa mahakama akamsaidia kuandaa kiapo cha kueleza mabadiliko ya jina. Mafao yalitoka mwaka uliofuata. Sidai kwamba karatasi yetu peke yake ndiyo iliyoyatoa, maana yeye mwenyewe alifuatilia kwa uvumilivu mkubwa, lakini aliambiwa kwamba ilisaidia, na kwetu ilikuwa zawadi pekee ambayo hakuna mtu mwingine angeweza kumpelekea.

Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amefariki miaka mingi kabla hatujaanza. Kulikuwa na mabishano kama twende au tusiende, na tukaenda. Mjane wake alitupokea pamoja na watoto wao, ambao wengi walikuwa wadogo wakati sisi tukisoma, na waliomfahamu baba yao kama mzee mgonjwa aliyestaafu. Hawakujua habari za wazee waliokuja kuandikiwa barua. Niliwasomea niliyoyaandika, nikaongeza ya bibi aliyekataa heri yangu, na mtoto wake wa kwanza akaomba nakala moja kwa kila nyumba. Nilizichapa kiwandani kwa karatasi nzuri, kwa gharama yangu mwenyewe, na nilizisoma mara nyingi kuliko kazi yoyote niliyowahi kulipwa.

Bado kuna waliobaki. Kabla hatujaondoka Nachingwea, mwalimu wa darasa la kwanza alituuliza kama tumekwenda kumsalimia anayefundisha darasa la kwanza shuleni kwetu hivi sasa. Hatukuwa tumekwenda. Tulipokwenda tulimkuta kijana mwenye watoto wanaokaribia idadi yetu sisi, kwa kuwa tangu michango ya wazazi ilipofutwa mwaka 2016 uandikishaji umeongezeka sana, naye alituomba kitu kimoja, vibao vidogo vya kuandikia ili asimalize madaftari mapema. Fundi seremala wa kundi letu amevitengeneza. Mwalimu wa sanaa na michezo, aliyetufundisha kusuka mikeka na kufuma vikapu, tumehakikishiwa kwamba yuko Tunduru kwa binti yake, na barua zake nimekwisha kuzikusanya isipokuwa tatu. Tutamwendea baada ya mnada wa korosho, kwa sababu kabla ya hapo walio wengi kati yetu hawana fedha mkononi.